Rekodi Safi Haitoshi: Bondia Bora wa Wakati Wote Anapimwa Vipi?

Desemba 2025 Terence Crawford wa Omaha, Marekani, alitangaza kuachana na ngumi. Alipanda ulingoni mara 42 katika ngumi za kulipwa na mara zote 42 akashuka mshindi. Miezi mitatu kabla ya kustaafu alikuwa amepanda madaraja mawili ya uzito, akamfuata bingwa wa Mexico, Saúl "Canelo" Álvarez, mjini Las Vegas na kumshinda kwa pointi. Tangu hapo vijiwe vimewaka moto. Wapo wanaosema Crawford ndiye bora kuliko wote waliowahi kuvaa glovu. Wengine wanajibu kwamba Floyd Mayweather alimaliza na 50 bila kipigo, na 50 ni nyingi kuliko 42, kwa hiyo mjadala umefungwa. Kundi la tatu linaapa kwamba Mike Tyson wa mwaka 1988 angewalaza wote wawili ndani ya dakika moja, bila kukumbuka kwamba Tyson yule alikuwa na karibu kilo 100 na Crawford alichukua ubingwa wake wa kwanza akiwa na kilo 61. Na hakosekani mzee anayetaja jina la Muhammad Ali kisha ananyamaza, kwa kuwa kwake jina hilo linajitosheleza.

Watu hawa hawabishani juu ya kitu kimoja. Wa kwanza na wa pili wanahesabu rekodi. Wa tatu anapima uzito wa ngumi. Mzee anapima ukubwa wa mtu, ndani na nje ya ulingo. Kila mmoja ana hoja, lakini hoja zao hazikutani, na ndiyo maana ubishi huu hauna mwisho.

Mimi nina msimamo na nitausema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Bondia anapimwa kwa watu aliopanda nao ulingoni, wakati aliopanda nao, na alichofanya pale mpango wake ulipovurugika. Rekodi, mikanda na idadi ya KO ni ushahidi wa kusaidia tu. Kuanzia na ushahidi huo na kuishia hapo ndiko kunakotupotosha.

Maneno yenyewe kwanza

Rekodi ni hesabu ya mapambano ya kulipwa: ushindi, vipigo, na wakati mwingine sare. Ukisikia Ali ana 56-5, maana yake alishinda 56 na kupoteza matano. Ngumi za ridhaa, yaani zile za Olimpiki na Jumuiya ya Madola, hazihesabiwi humo.

KO ni pale bondia anapoangushwa na kushindwa kuinuka kabla ya refa kumaliza kuhesabu hadi kumi. TKO ni pale refa anapoona inatosha akasimamisha pambano, au kona ya bondia, yaani kocha na wasaidizi wake, inapomtoa. Pambano likifika raundi ya mwisho, majaji watatu wanaokaa pembezoni mwa ulingo ndio wanaoamua. Aliyeshinda raundi hupewa pointi 10, aliyeshindwa 9, na akiwa ameangushwa kwa kawaida hupewa 8.

Hapo ndipo lawama nyingi za usiku wa manane zinapozaliwa. Kila raundi inapimwa peke yake, kisha inafungwa. Bondia anaweza kushinda raundi saba kwa tofauti ndogo sana, akachapwa vibaya katika tano, na bado akatangazwa mshindi. Pia majaji wanatakiwa kuangalia ngumi safi zilizofika, wala si ngumi zilizorushwa. Anayesonga mbele muda wote huku makonde yake yakiishia kwenye mikono na mabega ya mwenzake anaonekana kwenye televisheni kama anayetawala, kumbe kadi za majaji zinamkimbia.

Halafu kuna mikanda. Zamani dunia ilikuwa na madaraja manane ya uzito, na kwa sehemu kubwa kila daraja lilikuwa na bingwa mmoja. Leo madaraja yamefika 17 na zaidi, na mashirika makubwa yanayotoa ubingwa ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Piga hesabu, utaona kuna nafasi zaidi ya 60 za kuitwa bingwa wa dunia, kabla hujaweka mabingwa wa muda na wale wa ngazi ya pili ambao baadhi ya mashirika hayo huwatambua. Nje ya hayo manne kuna mashirika mengine madogo yenye herufi zinazofanana, nayo yanatoa mikanda ya dunia. Kwa hiyo promota wa hapa nyumbani anapotangaza pambano la ubingwa wa dunia, swali la kwanza ni la nani, na swali la pili ni mpinzani ametoka wapi.

Ili kuona tofauti ya zama, mtazame Henry Armstrong. Oktoba 1937 alichukua ubingwa wa uzito wa kilo 57. Mei 1938 akaruka hadi kilo 66 na kumvua ubingwa Barney Ross. Agosti mwaka huohuo akachukua wa kilo 61 kwa Lou Ambers. Kwa kipindi hicho mtu mmoja alikuwa bingwa wa madaraja matatu kwa mpigo, wakati dunia nzima ilikuwa na madaraja manane. Manny Pacquiao wa Ufilipino ametwaa ubingwa katika madaraja manane, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Ni kazi kubwa kweli, nami namheshimu sana Pacquiao. Lakini kuziweka namba hizo mbili sambamba na kusema nane ni kubwa kuliko tatu ni kukosea mizani.

Kuna neno moja la mwisho, "bora bila kujali uzito". Lilipata umaarufu zama za Sugar Ray Robinson kwa sababu watu walimwona anapigana vizuri kuliko yeyote, lakini hakuwa na mwili wa kupambana na bingwa wa uzito wa juu, Joe Louis. Wakajiuliza: kama wote wangekuwa na mwili sawa, nani angebaki amesimama? Ni swali la kufikirika, halijibiwi ulingoni. Linasaidia tu kuwaweka kwenye mizani moja mtu wa kilo 52 na mtu wa kilo 100 kwa kuangalia ufundi.

Sifuri ya vipigo inatengenezwaje

Katika ngumi hakuna ligi inayokulazimisha kukutana na kila mtu. Bondia, meneja na promota wanachagua. Wanaweza kumsubiri mpinzani hatari azeeke, wanaweza kumkwepa kwa kisingizio cha mgawo wa pesa, wanaweza kujaza rekodi kwa watu waliokuja kuchukua malipo na kulala. Chukua madereva wawili wa malori. Mmoja miaka yote amepeleka mzigo Dar hadi Morogoro, mchana, barabara kavu, na hajawahi kupata hata mkwaruzo. Mwingine amepanda na kushuka mlima Kitonga usiku wa mvua kwa miaka 20, na mara mbili ameingia mtaroni. Ukitaka kujua nani anajua kuendesha, leseni isiyo na doa haikuambii.

Julio César Chávez wa Mexico ni mfano ninaoupenda kwa sababu yeye alikuwa bingwa wa kweli, hakuna anayembeza. Septemba 1993 aliingia ulingoni San Antonio akiwa ameshinda mapambano 87 bila kipigo, akakutana na Pernell Whitaker, fundi wa kukwepa ambaye ngumi zilikuwa zinampita kama upepo. Whitaker alimfundisha boksi usiku ule. Jaji mmoja alimpa Whitaker, wawili wakaandika sare, na pambano likawa sare. Sifuri ya Chávez ilinusurika kwa kalamu. Miezi minne baadaye Frankie Randall akaiondoa.

Rocky Marciano alimaliza na 49-0, bingwa pekee wa uzito wa juu aliyestaafu moja kwa moja bila kushindwa hata mara moja. Lakini alipomshinda Joe Louis mwaka 1951, Louis alikuwa na miaka 37 na miguu imekwisha. Jersey Joe Walcott naye alikuwa na miaka 38 Marciano alipomvua ubingwa mwaka 1952. Kinachomfanya Marciano awe mkubwa kwangu ni pambano hilohilo la Walcott: aliangushwa raundi ya kwanza, alikuwa nyuma kwenye kadi zote, na katika raundi ya 13 akaachia ngumi moja ya kulia iliyomaliza kila kitu. Zile 48 nyingine, ukiziweka kando, hazinifundishi mengi kama usiku huo mmoja.

Sasa Mayweather. Simwonei. Januari 2001 alimwangusha Diego Corrales mara tano, na Corrales alikuwa hajapoteza na wengi walidhani ana nguvu za kummaliza. Mwaka 2013 alimfanya Canelo, kijana wa miaka 23, aonekane mwanafunzi. Uwezo wake wa kusoma mpinzani ndani ya raundi tatu na kisha kumnyima kila kitu alichokipanga, ule wa kuficha kidevu nyuma ya bega la kushoto na kujibu kwa ngumi ya kulia, ni miongoni mwa ufundi wa juu kabisa uliowahi kuonekana. Lakini pambano lake na Pacquiao lilifanyika Mei 2015, miaka mingi baada ya dunia kuanza kulililia, mmoja akiwa na miaka 38 na mwingine 36. Na ile ya 50, iliyoipita rekodi ya Marciano, aliipata Agosti 2017 dhidi ya Conor McGregor, mtu aliyekuwa anapigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani. Anayeihesabu 50 hiyo kama hoja ya kumweka juu ya wote anahesabu pambano ambalo halikuwa na swali lolote la kimasumbwi ndani yake.

Crawford kwa upande wake alikaa muda mrefu akipigana na watu ambao hawakumpima, na si kosa lake peke yake, maana biashara ya mapromota ilimfungia mlango. Mlango ulipofunguka Julai 2023 alimwangusha Errol Spence mara tatu na kummaliza raundi ya tisa, Spence akiwa bingwa asiyeshindwa. Ongeza Canelo. Mapambano hayo mawili yanampa heshima kubwa kuliko yale 40 mengine yote.

Robinson, na kwa nini vipigo 19 havimshushi

Jina la kuzaliwa la Sugar Ray Robinson ni Walker Smith, alizaliwa mwaka 1921, na alianza ngumi za kulipwa mwaka 1940. Kwa miaka 25 alipigana mapambano takriban 200. Alishinda zaidi ya 170, kati ya hayo zaidi ya 100 kabla ya kengele ya mwisho. Alipoteza 19. Kijana anayesoma namba hizo leo anauliza kwa mshangao: mtu wa vipigo 19 anawezaje kuwa juu ya mtu asiye na hata kimoja?

Jibu liko kwenye tarehe. Robinson alishinda mapambano yake 40 ya kwanza. Februari 5, 1943 akapoteza kwa Jake LaMotta, mtu mzito kuliko yeye kwa kilo kadhaa na mgumu kama gogo la mninga. Leo bondia akipoteza anakaa miezi minane, anabadilisha kocha, anarudi na mpinzani laini. Robinson alirudi ulingoni na LaMotta huyohuyo Februari 26, wiki tatu baadaye, na katikati ya hizo wiki tatu alikuwa ameshapigana na mtu mwingine. Akashinda. Baada ya kipigo hicho alikwenda mapambano 91 bila kupoteza, hadi Julai 1951 Randy Turpin alipomshinda London. Miezi miwili tu baadaye akamrudia Turpin, akiwa na jicho linalovuja damu, akammaliza raundi ya 10.

Kwa hiyo hadi anafikisha miaka 30, akiwa amepigana zaidi ya mara 120, alikuwa na kipigo kimoja, nacho alikilipa mara nne kwa LaMotta yuleyule. Walikutana mara sita, Robinson akashinda tano. Takriban nusu ya vipigo vyake 19 vilikuja baada ya kutimiza miaka 40, wakati pesa zilikuwa zimekwisha na alikuwa anapigana ili aishi. Aliendelea hadi Novemba 1965. Vipigo vile vinaniuma kuvisoma, lakini ni vipigo vya mzee aliyekosa namna, na havibadilishi kilichotokea kabla.

Juni 1952, akiwa bingwa wa uzito wa kati, alipanda kutafuta ubingwa wa kilo 79 dhidi ya Joey Maxim katika uwanja wa Yankee, New York. Maxim alimzidi karibu kilo 7. Joto kando ya ulingo lilikaribia nyuzi 40. Refa alizidiwa baada ya raundi ya 10 akabadilishwa. Robinson alikuwa anaongoza kwenye kadi zote tatu, na alipoketi baada ya raundi ya 13 mwili ukakataa. Hakuweza kuinuka kwa raundi ya 14. Katika rekodi hilo limeandikwa kama kipigo cha TKO, herufi tatu tu, hazisemi kitu juu ya kilichotokea.

Ufundi wake ulikuwa nini hasa? Miguu kwanza. Mabondia wengi wakirudi nyuma wanaacha kuwa hatari, maana nguvu ya ngumi inatoka kwenye mguu wa nyuma, kiunoni, hadi begani, na mtu anayerudi nyuma uzito wake unakwenda upande usiofaa. Robinson aliweza kuua akiwa anarudi. Mei 1, 1957 mjini Chicago, raundi ya tano, Gene Fullmer alikuwa anamfuata kama kawaida yake, Fullmer ambaye miezi minne kabla alikuwa amemshinda na kumvua ubingwa. Robinson alirudi hatua, akaachia ngumi ya kuzungusha ya kushoto, na Fullmer, mtu ambaye hakuwa amewahi kulazwa, akalala. Robinson wakati huo alikuwa anatimiza miaka 36 siku mbili baadaye. Ukiitazama filamu yake taratibu utaona hakuna hasira ndani ya ngumi ile. Kuna kipimo cha umbali na sekunde sahihi.

Mikono yote miwili ilikuwa na KO, kidevu kilivumilia, mwendo ulikuwa mwepesi. Kwa kawaida bondia anakuwa na kimoja au viwili kati ya hivyo. Ali alikuwa na miguu na kidevu lakini hakuwa na ngumi moja ya kulaza. Tyson alikuwa na ngumi na kasi. Robinson alikuwa na vyote.

Kinshasa: usiku ambao rekodi ilidanganya

Watu wa ukanda wetu wanalijua pambano hili kuliko jingine lolote, na bado linasimuliwa vibaya. Oktoba 30, 1974, karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani walione usiku wao, Muhammad Ali alikutana na George Foreman katika Uwanja wa Mei 20. Hebu msomaji aweke rekodi mezani. Foreman: miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, KO 37. Ali: karibu miaka 33, vipigo viwili, kimoja kwa Joe Frazier na kingine kwa Ken Norton. Na Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara sita na kummaliza ndani ya raundi mbili, kisha akafanya vivyo hivyo kwa Norton, raundi mbili. Kwa hesabu za kijiweni, Ali hakuwa na nafasi.

Hadithi iliyozoeleka ni kwamba Ali aliegemea kamba tangu mwanzo, akamwacha Foreman achoke, basi. Tazama raundi ya kwanza. Ali alitoka akishambulia, akimpiga Foreman ngumi za kulia za moja kwa moja bila kutanguliza ya kushoto, kitu ambacho hakuna anayethubutu mbele ya mpiga nguvu, maana mkono wa kulia unasafiri mbali na unakuacha wazi. Zilimfikia. Lakini Ali akagundua kwamba Foreman anajua kukata ulingo, anamziba njia kwa hatua moja wakati yeye anahitaji mbili, na kwamba akiendelea kukimbia ndiye atakayechoka kwanza katika joto lile. Ndipo raundi ya pili akaenda kwenye kamba, akafunga mikono, akaegemea nyuma, akapokea mabomu kwenye mikono na mbavu huku akijibu kwa ngumi fupi za haraka usoni kila Foreman alipopumua. Umati unapiga kelele kwa Kilingala, "Ali boma ye", muue. Raundi ya nane mikono ya Foreman ilikuwa mizito, Ali akatoka kwenye kamba na kumwangusha.

Hiki ndicho ninachokiita ukubwa. Mpango wa kwanza ulivurugika ndani ya dakika tatu, mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kumuua, naye akabuni mwingine palepale. Hakuna safu ya rekodi inayopima hilo.

Na kuna kingine ambacho rekodi haikionyeshi kabisa: Aprili 1967 Ali alikataa kuandikishwa jeshini kwa vita vya Vietnam, akanyang'anywa leseni, na hakupigana hadi Oktoba 1970. Alikuwa na miaka 25 alipozuiwa, na 28 aliporudi. Hiyo ndiyo miaka ambayo bondia wa uzito wa juu huwa kileleni. Ali tuliyemwona dhidi ya Frazier na Foreman alikuwa ameshapungua kasi. Ukubwa wake nje ya ulingo ni habari nyingine, na tusiuchanganye na ufundi. Hata mtu mkubwa anaweza kutumwa ujumbe mbovu. Februari 1980 alikuja Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuishawishi Afrika isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye.

Tyson nitampitia haraka kwa sababu kisa chake kinajieleza. Aliwahi kuwa bingwa akiwa na miaka 20, mwaka 1986, na hakuna aliyechukua ubingwa wa uzito wa juu akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka 1988 alimmaliza Michael Spinks, asiyeshindwa, kwa sekunde 91. Kwa mtu mfupi wa sentimita 178, namna alivyoingia ndani ya ulinzi wa majitu kwa kuchezesha kichwa ilikuwa sanaa. Lakini Februari 1990 mjini Tokyo, Buster Douglas aliinuka baada ya kuangushwa, akaendelea kumchapa, akammaliza raundi ya 10. Baadaye Evander Holyfield na Lennox Lewis nao walimmaliza. Kila alipokutana na mpinzani mkubwa asiyemwogopa, Tyson hakupata njia ya pili. Lile pambano la Novemba 2024 na Jake Paul, Tyson akiwa na miaka 58, halimwongezei wala halimpunguzii, na wanaolitumia kumcheka wanajidhalilisha wao.

Wa kwetu

Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, kijana wa Kenya Philip Waruinge alipata medali ya shaba tu. Lakini kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote, alipewa yeye. George Foreman alichukua dhahabu mashindano hayohayo. Waliokaa kutazama ufundi waliona kitu ambacho rangi ya medali haikusema.

John Mugabi wa Uganda alikwenda kwa Marvin Hagler Machi 1986 akiwa ameshinda mapambano yake yote, na yote kwa KO. Alipoteza raundi ya 11. Hakuna anayekumbuka majina ya wale aliowalaza kabla. Anakumbukwa kwa raundi alizosimama na Hagler, mmoja wa mabingwa wagumu kuliko wote, na kumfanya auhangaikie ushindi. Ayub Kalule, Mganda mwingine na bingwa wa dunia wa WBA, alipoteza sifuri yake kwa Sugar Ray Leonard mwaka 1981, na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, na kwa usiku mmoja akaruka ngazi nyingi kwenye viwango vya mtandaoni. Watu wengi hawakuelewa ilikuwaje. Viwango vile vinapigwa na kompyuta kwa kuangalia umemshinda nani: Eggington aliwahi kuwa bingwa wa Ulaya, na sehemu ya uzito wake ikahamia kwa Mwakinyo. Ushindi wa mtu mmoja wa kiwango kile ulikuwa na thamani kuliko ushindi mwingi wa ukumbi wa nyumbani. Kompyuta ina kasoro zake, lakini kwa hilo inafikiri sawa kuliko sisi.

Kuhusu nani angemshinda nani kati ya zama mbili, nashauri tuliache. Robinson alijiandaa kwa raundi 15, leo ni 12, mabadiliko yaliyoanza baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kufuatia pambano lake la Novemba 1982. Zamani walipima uzito siku ya pambano, leo wanapima siku moja kabla na kuingia ulingoni wakiwa wameongeza kilo kadhaa. Hakuna namna ya haki ya kuwakutanisha. Kinachowezekana ni kumpima kila mmoja dhidi ya wale aliowakuta.

Kwa kipimo hicho wangu ni Robinson, Ali, Armstrong, kisha Roberto Durán, ambaye aligeuka na kuacha kupigana na Leonard Novemba 1980, akachekwa dunia nzima, na Februari 1989 akiwa na miaka 37 akapanda hadi uzito wa kati na kumvua ubingwa Iran Barkley aliyemzidi umbo. Wa tano ni Azumah Nelson wa Ghana. Julai 1982 aliitwa kwa muda mfupi kumkabili Salvador Sánchez New York, hakuna Mmarekani aliyemjua, na alimsumbua bingwa hadi raundi ya 15 kabla ya kusimamishwa. Desemba 1984 alimfuata Wilfredo Gómez kwao Puerto Rico na kumlaza raundi ya 11. Mwaka 1991 alinusurika kwa sare dhidi ya Jeff Fenech wa Australia, sare ambayo wengi waliona ni ya Fenech. Nelson angeweza kuikumbatia sare ile na kwenda zake. Machi 1992, akiwa na miaka 33, alisafiri hadi Melbourne, kwa Fenech, mbele ya umati wa Fenech, na akamsimamisha raundi ya nane. Fenech hakuwa amewahi kupoteza. Ndiyo maana katika watano wangu Nelson yupo, na Marciano na Mayweather hawapo.